Bima ya mazishi Marekani: ununue kwa wakala huru au kwa wakala wa kampuni moja?

Kwa miaka tisa sasa mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana hapa Dallas. Mtu wetu akifariki, simu ya kwanza huenda kwa shehe au mchungaji, ya pili huja kwangu. Nikiipokea tu naanza kupiga hesabu: nyumba ya mazishi wanataka kiasi gani, mwili unazikwa hapa au unarudishwa nyumbani, kundi la WhatsApp litachanga ngapi kabla ya Ijumaa. Kisha nauliza swali ambalo wafiwa huwa hawalitaki siku hiyo: marehemu alikuwa na bima?

Mara nyingi jibu ni hapana. Mara nyingine ni ndiyo, na hapo ndipo safari nyingine huanza, kwa sababu bima hiyo inaweza kulipa yote, inaweza kulipa sehemu, na inaweza kurudisha ada zilizokwisha kulipwa basi. Nimeyaona yote matatu. Na kila nilipofuatilia, nilikuta mambo yaliamuliwa zamani, kwenye meza ya jikoni, pale wakala alipofungua kompyuta yake na kuanza kuuliza maswali. Kwa hiyo nataka tuwatazame hao mawakala, maana wapo wa aina mbili, na wengi wetu hufungulia mlango yeyote aliyetangulia kubisha.

Tuelewane kwanza ni bima gani

Nazungumzia bima ndogo ya maisha ya kudumu ambayo Wamarekani huwauzia watu wa umri wa miaka 50 hadi 85 ili walipie mazishi yao. Kiasi chake kwa kawaida ni dola 5,000 hadi 25,000, na kampuni chache hufika 50,000. Hupimwi damu wala hupelekwi kwa daktari. Unaulizwa maswali ya afya ya ndiyo au hapana, na kampuni inaangalia kumbukumbu za dawa ulizochukua kwenye maduka ya dawa. Ada haipandi na hati, yaani mkataba wako wa bima, haiishi muda wake, mradi unalipa kila mwezi.

Gharama inayokusudiwa si ndogo. Chama cha kitaifa cha wenye nyumba za mazishi Marekani kilisema mwaka 2023 kwamba mazishi ya kawaida yenye kuaga mwili na kuzika hufika dola 8,300, bila kuhesabu eneo la kaburi. Kuchoma mwili kukiwa na ibada ya kuaga kulikuwa dola 6,280. Kwa upande wa serikali, Social Security, yaani mfuko wa pensheni wa taifa, humpa mjane, au mtoto anayestahili, dola 255 mara moja. Dola 255 tu. Zile karatasi zinazoingia kwenye sanduku la barua zikiwa na nembo ya ndege tai kama ya serikali na maneno kama "mpango mpya wa jimbo lako wa gharama za mazishi" zinatumwa na watu wanaotafuta wateja wa bima. Ukizijaza na kuzirudisha, jina lako linauzwa kwa wakala.

Mmoja ana bidhaa ya nyumba moja, mwingine ana kabati

Wakala wa kampuni moja amefungwa na mkataba wa kuuza bima za kampuni hiyo peke yake. State Farm ndio mfano ambao wengi wetu tunaujua kwa sababu ya bima za magari: ukiingia ofisini kwao unauziwa cha State Farm. Wakala huru ana mkataba na kampuni kadhaa, pengine tano, pengine kumi na tano, na anatakiwa akutafutie ile inayokufaa. Kampuni nyingine huuza kwa njia zote mbili. Mutual of Omaha, kwa mfano, ina mawakala wake na pia inauza kupitia mawakala huru.

Kuna pia wale wa televisheni, wasio na wakala wa kuja nyumbani. Colonial Penn na lile tangazo lake la dola 9.95 kwa mwezi ndio wanaojulikana zaidi. Dola hizo ni bei ya kipande kimoja tu cha bima, na ukubwa wa kipande hicho unapungua kadiri umri wako unavyopanda, kwa hiyo mtu wa miaka 75 hununua vipande vingi ili apate kiasi cha maana. Hakuna maswali ya afya, lakini ukifa kwa ugonjwa ndani ya miaka miwili ya kwanza bima hailipi kiasi kilichoandikwa. Nawataja kwa sababu wazee wetu huliona tangazo hilo mchana kutwa. Leo sizungumzii njia hiyo.

Bei haitegemei mlango ulioingilia

Hili watu hawaliamini hadi wathibitishiwe. Bei ya bima ya maisha inawasilishwa na kampuni kwa mamlaka ya bima ya jimbo, na wakala hana ruhusa ya kuiongeza wala kuipunguza. Ukinunua hati ileile ya kampuni ileile, umri uleule, afya ileile, utalipa sawa kwa wakala huru na kwa wakala wa kampuni. Hakuna cha kupatana kama gulioni. Wakala anayekuambia atakurudishia mwezi wa kwanza mfukoni mwake anakwambia jambo ambalo majimbo mengi yamelikataza.

Wakala huru hana punguzo lake mwenyewe. Faida yake ni kwamba anaweza kuhama kutoka kampuni yenye bei mbaya kwako kwenda yenye bei nzuri kwako. Kama bei ya kwanza ilikuwa nzuri tayari, kabati lake halijakuongezea kitu.

Afya yako ndiyo inayosema nani akuuzie

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapopotea.

Kampuni hizi zina ngazi. Ya kwanza ni kinga kamili tangu siku ya kwanza: ukilipa ada ya kwanza leo na ukafa wiki ijayo, mnufaika wako, yaani yule uliyemwandika apokee malipo, anapata kiasi chote. Ya pili hulipa kwa kupanda. Mara nyingi mwaka wa kwanza kama asilimia 30, wa pili kama asilimia 70, kuanzia wa tatu yote. Ya tatu ni ile ya kusubiri miaka miwili, ambapo kifo cha ugonjwa ndani ya muda huo hurudisha ada zako na nyongeza ya kama asilimia 10. Ajali huwa inalipwa yote hata katika ngazi hizo za chini. Kila unaposhuka ngazi ada inapanda, kwa hiyo mtu analipa zaidi ili apate kidogo.

Kampuni hazikubaliani ni nani akae ngazi gani. Moja inamkataa mwenye kisukari aliyeanza insulini kabla ya miaka 50, nyingine haijali alianza lini. Moja inauliza juu ya moyo kwa miaka miwili iliyopita, nyingine kwa mwaka mmoja. Moja inahesabu tumbaku ya aina yoyote, nyingine inauliza sigara tu, na hapo mzee wetu anayenusa ugoro anapata bei ya asiyevuta.

Mwaka juzi binti mmoja aliniita nimsaidie kutafsiri kwa ajili ya baba yake, mzee wa Bukavu mwenye miaka 68. Mzee ana kisukari cha siku nyingi, anakunywa metformin, na miguu humfa ganzi usiku, kwa hiyo daktari alimwandikia na gabapentin. Wakala wa kwanza alikuwa wa kampuni moja, kijana mpole, amevaa tai, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akasoma maswali kwenye kompyuta yake mpaka akafika kwenye lile la madhara ya kisukari: macho, figo, mishipa ya fahamu. Nikatafsiri. Mzee akasema, "Miguu ndiyo, baba. Hiyo ya ganzi." Kijana akabonyeza ndiyo. Ikaja bei: dola 10,000, kwa dola 94 kila mwezi, na kusubiri miaka miwili.

Baada ya siku nne tukamwita wa pili, mama mmoja wakala huru. Yeye hakufungua kompyuta. Aliomba chupa za dawa. Binti akazileta kwenye mfuko wa nailoni, mama yule akazipanga mezani, akasoma kila moja na miligramu zake, akauliza hii ulipewa kwa ajili ya nini, mwaka gani, insulini umewahi kutumia, kidole chochote kimekatwa, umelazwa lini mara ya mwisho. Kisha akatoka nje akapiga simu. Aliporudi alikuwa na kampuni ambayo fomu yake iliuliza juu ya kukatwa viungo na juu ya insulini, lakini haikuuliza juu ya ganzi. Dola 10,000, dola 71 kwa mwezi, kinga kamili tangu siku ya kwanza.

Tofauti ni dola 23 kwa mwezi, dola 276 kwa mwaka. Lakini kilichonitoa jasho ni ile miaka miwili. Yule kijana wa kwanza hakudanganya hata neno moja; kampuni yake ingemweka mzee pale pale alipomweka. Hakuwa na kwingine kwa kumpeleka, na hakusema kwamba kwingine kupo.

Kwa hiyo kama una kisukari chenye madhara, moyo, mapafu, saratani iliyopona karibuni, kiharusi, au mfuko wa dawa kama ule, anza na wakala huru. Sioni sababu ya kuanza kwingine. Ila ujue pia mahali ambapo hata yeye hana la kufanya. Aliye kwenye mashine ya kusafisha figo, anayetumia oksijeni nyumbani, aliye kwenye nyumba ya kutunzia wazee, au mwenye ugonjwa wa kusahau, karibu kila fomu itamkataa, na kitakachobaki ni ile bima isiyouliza maswali yenye miaka miwili ya kusubiri. Wakala anayemwahidi mtu wa namna hiyo kinga ya siku ya kwanza anatakiwa aonyeshe maandishi.

Na dawa zenyewe zieleze. Carvedilol hutolewa kwa shinikizo la damu na hutolewa pia kwa moyo uliochoka. Kampuni ikiona jina la dawa bila maelezo inaweza kudhani lile baya zaidi.

Ukiwa mzima, hadithi inabadilika. Muuguzi wa miaka 57 asiyevuta, mwenye kidonge kimoja cha shinikizo, atapata ngazi ya kwanza karibu kila mahali. Kwa mtu huyo wakala wa kampuni moja yenye bei nzuri anatosha kabisa, na pengine ndiye bora, kama nitakavyoeleza. Achukue bei mbili tu za kulinganisha, moja kutoka kila upande, jioni moja inatosha.

Nani anamlipa, na analipwaje

Wakala halipwi na wewe. Analipwa kamisheni na kampuni, na katika bima hizi kamisheni ya mwaka wa kwanza ni kubwa. Wakala huru mara nyingi anapata kiasi kinachokaribia ada ya mwaka mzima, wengine zaidi ya hapo. Wa kampuni moja kwa kawaida anapata pungufu, lakini kampuni inampa mafunzo, wakati mwingine ofisi, na majina ya watu wa kuwatembelea. Ukiacha kulipa ndani ya miezi ya mwanzo, kampuni humdai wakala arudishe kamisheni yake, na hilo linawahusu wote wawili.

Ukishajua hivyo unaelewa vishawishi vyao. Wa kampuni moja anaweza kukubana uchukue bidhaa isiyokufaa kwa sababu ndiyo aliyo nayo. Huru anaweza kuchagua kampuni inayomlipa vizuri zaidi, au ile yenye fomu fupi apate kumaliza mapema. Tena huru ana kishawishi kingine ambacho mwenzake hana: kukuhamisha. Baada ya mwaka mmoja na nusu anarudi na habari kwamba amepata kampuni bora, uache ile ya zamani. Kila hati mpya ni kamisheni mpya kwake. Kwako wewe ni umri mkubwa zaidi kwenye bei, na saa ya miaka miwili inaanza upya.

Saa hiyo ya miaka miwili ipo hata kwenye bima ya siku ya kwanza, na watu wengi hawaijui. Ndani ya miaka miwili tangu hati ianze, kampuni ina haki ya kuchunguza majibu uliyotoa kwenye fomu. Ikikuta uongo mkubwa wa afya, inaweza kukataa dai na kurudisha ada.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja wa chama chetu. Alikuwa na ugonjwa wa figo, na watu wa karibu walijua. Wakala aliyemwandikia alikuwa mtu wetu, anaongea Kiswahili safi, tunasali naye. Alikuwa wakala huru, mwenye orodha ndefu ya kampuni. Maswali aliyapitia mbiombio kwa Kiingereza, kila mahali akabonyeza hapana, mama akatia sahihi kwa kidole kwenye simu. Akafariki mwezi wa 14. Kampuni ikaomba kumbukumbu za hospitali, ikakaa nazo wiki kadhaa, ikarudisha ada zake: dola 58 mara 14, yaani dola 812. Mwanawe alinitumia picha ya hundi ile saa tano usiku bila neno lolote. Nimeitunza mpaka leo.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mpaka siku ile nilikuwa nawaambia watu wachague huru tu, basi. Kabati lenye kampuni kumi na mbili halikumsaidia mama yule. Wakala wa kampuni moja aliyemuuliza polepole na kuandika ukweli angempa ile ya miaka miwili, na familia ingejua tangu mwanzo inasimama wapi; sisi kwenye chama tungejipanga. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wakala ana kampuni ngapi, tazama anavyouliza maswali ya afya. Kama mgonjwa haelewi Kiingereza, asiwepo mtu wa kumjibia. Awepo wa kumtafsiria, na kila swali lisomwe lote. Mwishoni omba nakala ya fomu yenye majibu yote. Ni haki yako.

Huru wa jina

Kuna mawakala wanaojiita huru lakini ukiwafuata kwa karibu wanauza kampuni moja au mbili tu, kwa sababu kiongozi aliyewaingiza kazini anawasukuma huko. Wengi wa vijana wetu wanaoandikishwa kwenye mikutano ya hotelini wako kwenye hali hii: leseni wanayo, mikataba wanayo miwili. Na kuna wa kampuni moja ambao mkataba wao unawaruhusu kupeleka mteja kwingine pale kampuni yao inapomkataa. Kwa hiyo majina haya mawili hayatoshi. Muulize majina ya kampuni: "Bima za mazishi unaziandika na kampuni zipi? Nitajie." Huru wa kweli atataja nne au tano papo hapo na kukueleza kwa nini moja inamfaa mwenye kisukari na nyingine inamfaa mvutaji sigara. Akianza kuzunguka, umejua.

Kisha hakiki. Kila jimbo lina idara ya bima yenye ukurasa wa kutafuta leseni. Hapa kwetu ni Texas Department of Insurance. Unaandika jina lake au namba yake ya kitaifa ya uwakala, na majimbo mengi yanakuonyesha hata kampuni alizosajiliwa nazo. Hailipiwi. Mimi hufanya hivyo nikiwa bado nimeshika simu, na hakuna wakala mwaminifu aliyewahi kukasirika.

Baada ya kuuza

Upande huu nawapa wa kampuni moja alama zao. Ofisi iliyopo barabarani, yenye jina la kampuni juu ya mlango, mjane anaweza kuiendea mwenyewe akiwa na cheti cha kifo mkononi. Wakala yule akiacha kazi, kampuni kwa kawaida huhamishia wateja wake kwa mwingine. Kwa mtu asiyejua Kiingereza vizuri na asiyeweza kushinda kwenye simu akibonyeza moja, bonyeza mbili, jambo hilo lina thamani kubwa.

Wakala huru akiacha kazi, na wengi huacha mapema, hati yako haidhuriki, maana mkataba ni kati yako na kampuni. Lakini hakuna mtu wa kukupigia ada inaporudi benki. Bima nyingi za wazee hupotea hivyo: Social Security inaingia Jumatano, makato yamewekwa tarehe moja, akaunti iko tupu, ada inakataliwa, barua inakuja kwa Kiingereza inawekwa kwenye droo. Siku za neema, zile unazoruhusiwa kuchelewa kulipa, huwa kama 30 au 31, kisha hati inaanguka. Yeyote utakayemchagua, mwambie aoanishe siku ya makato na siku ya hela kuingia. Wakala mzuri hufanya hivyo bila kuombwa.

Sisi wa kutoka nyumbani tuna mambo yetu

Hapa huru anarudi mbele. Kampuni nyingine huandikia tu mwenye namba ya Social Security, nyingine humkubali mwenye green card, na chache humkubali mwenye namba ya kodi peke yake. Nyingine huuliza kama una mpango wa kukaa nje ya Marekani kwa muda mrefu. Wakala wa kampuni moja, kampuni yake ikisema hapana, amemaliza. Huru anaendelea kutafuta.

Mwambie wakala mapema kama unataka mwili urudishwe. Bima hii inalipa pesa taslimu kwa mnufaika, haisafirishi mtu. Dawa ya kuhifadhi mwili, jeneza la safari, nauli ya mizigo ya ndege na karatasi za ubalozi vyote vinatoka kwenye kiasi hicho. Ndugu zangu Waislamu ambao huzika hapahapa na kwa haraka, jueni kwamba malipo hayaji siku ya maziko, maana kampuni inasubiri cheti cha kifo. Nyumba nyingi za mazishi hukubali kuanza kazi kwa hati ya bima, mnufaika akitia sahihi kwamba sehemu ya malipo iende kwao moja kwa moja, lakini hufanya hivyo kwa urahisi zaidi hati ikiwa imepita miaka miwili.

Mnufaika asiwe mtoto mdogo, kwa sababu kampuni haimlipi mtoto mkononi na mambo yataishia mahakamani kumtafutia msimamizi. Aliyeko Goma au Tanga anaweza kuandikwa, ila karatasi zinaongezeka. Weka mtu mzima aliyeko hapa unayemwamini, na wa pili wa akiba.

Ningekuwa mimi

Mgonjwa, mvutaji, mwenye karatasi zisizo za kawaida, au aliyewahi kukataliwa: huru, tena mwenye mikataba isiyopungua mitano na anayeanza kwa kuuliza dawa. Mzima, anayethamini ofisi ya kuingia na ambaye tayari ana wakala wa gari au nyumba anayemwamini: wa kampuni moja, baada ya kupata bei moja ya kulinganisha. Mzee anayeishi peke yake, asiyesoma Kiingereza, mwenye afya ya wastani, ndiye anayenisumbua. Kwa huyo namchagua mtu kuliko aina. Nimewahi kumshauri mama wa miaka 72 alipe dola 6 zaidi kwa mwezi abaki na wakala wa kampuni moja ambaye ofisi yake iko dakika tano kutoka kwake na msaidizi wake ni Mkenya. Sijajuta.

Uamuzi wenyewe hauishii kwenye sahihi. Kila jimbo linakupa siku za kuisoma hati baada ya kuipokea, kati ya 10 na 30 kutegemea jimbo, na ukiirudisha ndani ya siku hizo unarejeshewa pesa zako zote. Zitumie. Hati ya yule mzee wa Bukavu ilipofika kwa posta, binti yake alinipigia tuisome pamoja. Tulitafuta ukurasa wa kiasi cha malipo na kuangalia kama kuna jedwali la mwaka wa kwanza na wa pili. Hapakuwa na jedwali. Palikuwa na 10,000 peke yake. Tukasoma jina la mnufaika herufi kwa herufi, tukakuta wameandika "Furraha" kwa r mbili. Yule mama wakala alipigiwa simu saa nne asubuhi, na karatasi ya marekebisho ikafika wiki iliyofuata. Mzee aliikunja, akaitia kwenye mkoba mmoja na pasi yake ya Kongo na green card, kisha akamwonyesha binti mkoba unakaa wapi.